Baba Mkwe Katika Wodi Yangu

Mtu ambaye hajawahi kufua bandeji Tukuyu hajui mvua ni nini. Wengine wakisikia mvua wanafikiria migomba na chai, na ni kweli, kwa hayo inatufaa. Mimi nafikiria kamba tulizofunga ndani ya korido ya hospitali kwa sababu nje hakukauka kitu, na bandeji zilizoning'inia juu ya vichwa vya wagonjwa waliokaa foleni, zikiwadondokea mabegani. Zilikuwa zimefuliwa na kuchemshwa, na bado zilinuka uvundo. Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani kulijaa redio, mitumba na sabuni za kila rangi, vitu ambavyo muda mfupi nyuma tulikuwa tunavipangia foleni, lakini stoo ya hospitali ilikuwa tupu. Tuliambiwa wananchi sasa wachangie huduma. Mgonjwa wa kupasuliwa alikuja na glavu zake, wembe wake, pamba yake na ndoo yake, amevinunua katika duka la dawa lililofunguliwa ng'ambo ya barabara. Glavu hizo zikishatumika tulizifua, tukazipaka poda, tukazivaa kwa mgonjwa mwingine.

Nilikuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, na nilikuwa na ulimi mkali. Sijabadilika sana. Wakati huo vidonda vya wodini kwangu vilikuwa vinaharibika. Mtu anapasuliwa vizuri, anaamka, anaomba uji, halafu mshono unavimba na kutoa usaha, na ndugu zake wanaanza kutazamana na kumtaja jirani fulani. Daktari wa wilaya hakutaka kusikia habari za majirani. Alinipeleka Mbeya kwenye mafunzo ya kuzuia maambukizi. Niliporudi nilisimama mlangoni asubuhi moja, nimeufunga mdomo wangu japo kwa mara moja, nikawatazama wenzangu wanavyosafisha vidonda. Wala sikuhitaji darubini. Bakuli la dawa lilikuwa moja. Muuguzi alichovya pamba, akasafisha kidonda cha kitanda cha kwanza, akachovya tena, akaenda cha pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa wodi, kwa koleo lile lile. Tulikuwa tunagawa usaha kama watu wanaogawa chai msibani.

Basi nikawa moto. Kila kitanda kikapata kibakuli chake, hata kama ni kifuniko cha chupa ya chai kilichochemshwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa mikono ilinawishwa kwa maji ya kopo lililotobolewa, na aliyesahau alisikia sauti yangu, wakaisikia pia ndugu waliokuwa wanapika kule jikoni nje. Sufuria la mvuke la kutakasia vifaa, tulilolitia moto kwa jiko la mafuta ya taa, nililisimamia mwenyewe. Bandeji zilipigwa pasi ya mkaa mpaka zikakauka kweli. Ndugu walikatazwa kukaa vitandani, wakanuna, wakazoea. Nyuma ya mgongo wangu waliniita sabuni. Na kanuni yangu kubwa, niliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kwamba kila asubuhi kila mshono utafunuliwa, nami nitautazama kwa macho yangu. Hakuna mgonjwa atakayelala na bandeji ambayo mimi sijui kilichoko chini yake. Nilitangaza mbele ya watu wote kwamba hata akija mkuu wa mkoa, atafunuliwa.

Vidonda vikaanza kupona. Daktari wa wilaya akawa analeta wageni kuiona wodi yangu, nami niliwatembeza kati ya vitanda huku nimenyoosha shingo. Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani wakati baba mkwe wangu alipoletwa kutoka kijijini kwake Masoko, akiwa na ngiri ya kinena.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, hawaonani. Mkamwana hamtazami mzee usoni, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayechepuka majanini mpaka mzee apite. Wengi walioolewa mjini walikwisha kuyaacha hayo, lakini baba mkwe wangu alikuwa wa zamani, na mimi niliyebishana na kila mtu sikubishana naye. Alikuwa na ustaarabu wake. Tulipokwenda kumtembelea, mimi na mume wangu ambaye alikuwa mwalimu, mzee alianza kukohoa tangu migombani ili nipate nafasi ya kuingia jikoni. Akitoka kwenye shamba lake la kahawa alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye matope, ili nisilazimike kuinuka pale uani nilipokaa na mama mkwe. Tangu niolewe sikuwahi kuuona uso wake vizuri. Nilimjua kwa kikohozi, kwa kofia yake ikipita juu ya ua, na kwa ndizi mbivu alizoniletea kupitia wajukuu kwa sababu aliambiwa nazipenda. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowapenda watu wengi niliozungumza nao kila siku.

Alikuwa amekaa na ngiri yake, upande wa kulia wa kinena, miaka na miaka. Mume wangu ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali kupasuliwa, na sharti la mzee lilikuwa moja tu: mkamwana asimhudumie. Nililiona jambo dogo. Tulikuwa na dresa, mfunga vidonda, mwanamume wa makamo mwenye mikono safi kuliko yote niliyopata kuifundisha, naye akakubali kuwa macho yangu kwenye kitanda kile. Tukamweka mzee kitanda cha mwisho, tukamsogezea pazia la kukunja. Mimi nikipita natazama dirishani. Operesheni ilikwenda salama. Asubuhi za mwanzo dresa alikuja kuniambia kwamba mshono ni mkavu, na mzee amekunywa uji, na ameuliza kama wajukuu wamekwenda shule.

Kisha dresa akafiwa. Akaenda kuzika kwao Isongole, mvua ikaharibu barabara, akakwama huko. Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa na homa na uji wake haukuguswa. Daktari aliyempasua alikuwa Mbeya kwenye kikao, wa kurudi kesho yake. Wodini tulikuwa mimi na muuguzi mwenzangu kutoka Tanga, mwanamke mpole ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote hapa Rungwe. Yeye angeweza kumfunua mzee, na isingekuwepo aibu yoyote zaidi ya ile ya kawaida ya mgonjwa. Alijitolea mwenyewe bila kuombwa. Alikwisha kukunja mikono ya gauni, akanyoosha viganja nimmwagie maji.

Nikamwambia aache. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sababu niliyompa ilikuwa kwamba mshono wenye homa unahitaji jicho lililozoea, na hilo lilikuwa kweli. Yeye pia ndiye niliyemwona akichovya pamba katika bakuli moja, na nilikuwa sijamsamehe. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo linalonikosesha amani mpaka leo. Ilikuwa wodi yangu. Nilikuwa nimetangaza kwamba kila mtu atafunuliwa, na wagonjwa walikuwa wananitazama waone nitafanya nini na mzee wangu mwenyewe. Niliona haya kuvunja kanuni yangu kuliko nilivyoona haya kuvunja mwiko wa nyumba iliyonioa.

Nikavuta pazia. Mzee alijua ni nani kabla sijafungua mdomo, akavuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Nikamwambia kwa Kinyakyusa, na yalikuwa maneno ya kwanza niliyopata kumwambia tangu niolewe:

"Tata, naomba radhi. Kidonda kina homa, lazima nikitazame."

Akaliachia blanketi upande wa chini, ule niliouhitaji mimi, kisha akashika chuma cha kitanda. Nikafunua. Nyuma yangu nikasikia vitanda vinalia, nikageuka nikidhani kuna mtu ameanguka. Wanaume wa wodi nzima, mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyepasuliwa tumbo na ambaye hakuweza kujigeuza bila kuuma meno, walikuwa wanageukia ukutani. Walikuwa wanamsitiri mzee, na walikuwa wananisitiri mimi ambaye sikujisitiri. Muuguzi wa Tanga akaniuliza kwa sauti ya chini wana nini. Nikamwambia anishikie kibakuli.

Mshono ulikuwa mwekundu, umevimba mwisho mmoja. Nikakata uzi, usaha ukatoka, nikasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mpaka ikaja damu safi, nikaweka shashi bila kuziba. Mikono yangu ilifanya kazi kama kwa mgonjwa yeyote. Najivunia hilo na linanitia aibu. Mzee hakukiachia chuma cha kitanda mpaka nilipomfunika. Nikamwanzishia sindano za penisilini, nikarudisha pazia mahali pake, nikanawa, nikaenda kitanda kingine kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari aliporudi alisema kwamba ingepita siku nzima bila kufunuliwa, usaha ungezama ndani na huenda tungempoteza. Alinisifu. Sikumwuliza kama mikono ya muuguzi wa Tanga isingetosha, kwa sababu jibu nililipata mwenyewe. Tangu siku ile nilimwachia yeye kitanda kile, na alikifunga kidonda vizuri kabisa, hatua kwa hatua, kwa kibakuli chake na maji yake, mpaka dresa aliporudi. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Mzee akapona, akarudi Masoko akitembea mwenyewe.

Haikupita muda, mdogo wake baba mkwe akafika nyumbani kwetu anaswaga mtamba mwenye madoa. Alisema ni wangu, ametoka kwa mzee. Nilifurahi kama mtoto. Nilikwenda kazini nikawasimulia wote, wodi mpaka maabara, kwamba baba mkwe amenishukuru kwa ng'ombe, na wewe uliyewahi kushukuriwa kwa ng'ombe ninyooshee mkono. Mume wangu alinisikia nikiyarudia hayo jioni mbele ya wageni. Walipoondoka akaniambia, bila ukali, kwamba yule mtamba si wa shukrani.

"Baba anakuomba radhi," alisema. "Anasema alikuonyesha kitu ambacho mkamwana haonyeshwi."

Nilikasirika kwanza, maana hasira ndiyo inayonijia haraka. Mimi ndiye niliyevuta pazia, mimi ndiye niliyefunua, halafu anayejitoza faini ni yeye. Nikataka ng'ombe arudishwe kesho yake. Mume wangu akasema nikimrudisha maana yake nimekataa kumsamehe baba yake, na hakuna atakayenielewa vinginevyo. Basi nikamtuma aende Masoko akamwambie mzee kwamba mkosaji ni mimi. Alikwenda, akarudi, akasema mzee amejibu kwamba mambo yamekwisha. Mtamba akakua, akazaa, watoto wangu wakanywa maziwa. Mimi nilikunywa chai kavu, na nilipoulizwa nilisema maziwa yananisumbua tumbo.

Mambo hayakuwa yamekwisha. Tulipokwenda Masoko, mzee hakukohoa tena migombani wala kuzunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameondoka kabisa, amehamia kwa mdogo wake mpaka tutakapomaliza kumtembelea mkewe. Nikaelewa kwamba nikikanyaga pale ninamfukuza mtu nyumbani kwake. Nikapunguza kwenda, nikisingizia kazi, na kazi kweli ilikuwepo. Huko kijijini nasikia vijana walikuwa na utani wao, wakimwona mzee ameshika kiuno wanamwambia asiende hospitali ya Tukuyu, mkamwana wake atamfunua. Mume wangu aliyenisimulia alicheka kidogo, akaona sicheki, akabadilisha mazungumzo.

Ngiri ya upande wa kushoto ikaja, na mzee akaificha. Mama mkwe alimwona akiwa anaanika kahawa amekandamiza kinena kwa kiganja; alipomwuliza akasema ni gesi. Kisha siku moja ikatoka na ikakataa kurudi. Akatapika, tumbo likawa gumu. Majirani wakaja na machela wambebe mpaka barabarani, akawakatalia, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kuheshimiwa wakambembeleza badala ya kumnyanyua. Wakamtuma mtu aje kumwita mume wangu. Mume wangu alipofika, baba yake alikuwa amekata roho.

Msibani wanaume walikaa nje, chini ya turubai, na sisi wanawake tulikaa ndani na mama mkwe, kwenye mikeka. Alinivuta nikae ubavuni kwake, akanishika mkono, na hakuuachia hata walipoingia watu wa kumpa pole. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilizitaka, kusema kweli. Lakini aliponong'ona, kwa Kinyakyusa, hazikuwa lawama.

Alisema walipoleta machela mzee aliwaambia wamwache, mkamwana asipewe kazi ile tena, alichoona kinatosha. Alisema mzee hakunilaumu hata siku moja. Siku zote alisema aliyepata aibu ni mimi, mwanamke kijana mwenye cheo chake, mbele ya wodi nzima ya wanaume, na kwamba yeye asingenirudisha pale. Mzee alikuwa ameniepushia aibu ambayo sikuwa nayo, kwa uhai wake. Laiti ningekuwa nimeona haya siku ile, kidogo tu, ya kutosha kummwagia maji mwanamke wa Tanga.

Kisha mama mkwe akanigeukia.

"Wewe ndiye unayejua mambo haya," alisema. "Kama tungemleta kwako, angepona?"

Angepona. Ni operesheni ile ile, upande wa pili. Wangemnyanyua kwa nguvu asubuhi ile, wakasimamisha gari lolote barabarani, jioni angekuwa kitandani, na katika wodi yangu mshono wake ungekuwa mkavu. Nilimtazama mama yule. Yeye ndiye aliyekuwa chumbani na mzee wakati majirani wanangoja na machela, yeye angeweza kusema neno moja, na nilijua akilala usiku atalitafuta neno hilo mpaka naye afe. Sikuweza kumpa mzigo wangu aubebe.

"Hapana, mama," nikasema. "Ya safari hii haikuwa na dawa."

Akafumba macho, akapumua. "Ndaga, mwanangu," alisema. "Ndaga fijo." Kwa Kinyakyusa ndiyo asante sana. Akawageukia wanawake wenzake akawaambia kwa sauti kwamba hata muuguzi amesema, mzee asingepona hata hospitali. Wakaitikia, mmoja akamshukuru Mungu, na nyumba ikawa nyepesi. Mimi pia nilihisi nafuu. Niliona kwamba angalau kuna mtu mmoja nimemfanyia wema katika habari hii yote.

Nyuma yetu, karibu na mlango wa jikoni, alikuwepo bibi mmoja jirani, aliyekuwa anamenya ndizi za msiba. Aliweka kisu chini. Alisema mzee wake naye anayo ngiri kama ile, ya kushoto, na mtoto wao wa Mbeya ameahidi kuja wiki ijayo kumpeleka hospitali. Aliniangalia kwa heshima, akachagua maneno.

"Basi nimwambie mwanangu aache," alisema. "Kama hata ninyi hamna dawa yake, mzee na afie kwake."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Wengine walianza kuzungumza mambo mengine. Nilijua kwamba nikinyamaza, hakuna mtu katika nyumba ile atakayenidai chochote. Mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa wa joto na mkavu.

"Mpeleke, mama," nikasema. "Usingoje wiki ijayo. Inatibika. Hata ya mzee wetu ingetibika."

Mama mkwe hakuniangalia. Aliuinua mkono wangu, akauweka juu ya goti langu, akaondoa wake.